MAC filta kwenye rauta: itumie kupanga vifaa, usiitegemee kuzuia mwizi

Watu wengi wakishagundua kwenye rauta kuna kitu kinaitwa MAC filta wanafurahi, wanaona sasa hata paswedi ikivuja hamna shida, we unaingiza vifaa vyako kwenye listi na wengine wote wanabaki nje. Mimi nasimamia netiweki za nyumbani na za ofisi ndogo muda mrefu sasa, na bado naitumia hiyo filta, ila sio kwa kazi hiyo.

Iko hivi. Kila kinachoingia kwenye netiweki kina adresi ya MAC, tarakimu na herufi 12 (0 mpaka 9, A mpaka F), kwa kawaida nusu ya kwanza inaonyesha aliyetengeneza na nusu ya pili anaipanga yeye mwenyewe. Adresi hii ni ya kadi ya netiweki, sio ya mashine nzima, kwahiyo laptopu moja ina MAC ya waifai na nyingine ya kebo, na ukichomeka adapta ya USB nayo inakuja na yake. Ofisini hili linasumbua mno, mtu umemruhusu kwa waifai, anahamia kwenye kebo anagoma kuingia, basi anaanza kusema intaneti mbovu.

Rauta inakupa njia mbili, listi ya wanaoruhusiwa au listi ya waliozuiwa. Ya waliozuiwa naiona haina maana kabisa manake MAC inabadilishwa. Kwenye Linux ni komandi chache tu, Windows nayo kwa kadi nyingi unaibadilisha kwenye setingi za kadi yenyewe.

Na listi ya wanaoruhusiwa je? Hapo ndo watu hawapendi kusikia. Hata ukiwa na WPA2 au WPA3 (ulinzi wa waifai unaotumia paswedi), kinachofichwa ni yaliyomo ndani ya pakiti, yaani vipande vya data vinavyosafiri, lakini adresi ya MAC inapita hewani wazi, lazima iwe wazi ili vifaa vijue pakiti ni ya nani. Mtu mwenye kadi ya waifai inayoweza kusikiliza tu anakaa pembeni, anaona adresi zipi zinaongea na rauta yako, anasubiri moja itoke anajivika hiyo. Ni sawa na mlinzi anayeruhusu watu kwa kusoma jina walilojibandika wenyewe kifuani. Ila huyo mtu bado atahitaji paswedi, kwahiyo ukiangalia vizuri kilichokulinda ni paswedi muda wote. Iweke ndefu, na zima WPS (ile ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au PIN bila kuandika paswedi).

Sasa kero kubwa ya siku hizi, na nadhani wengi mnaosumbuka mko hapa: simu zenyewe zinaficha MAC. Kuanzia Android 10 na iOS 14 simu inajitungia adresi ya bandia kwa kila waifai, ni kwa faragha yako, usifuatiliwe kila unakopita. Kwa hiyo unaingia kwenye taarifa za simu unakopi MAC ya kiwandani, unaiweka kwenye listi, simu inakataliwa na unabaki unashangaa. Angalia tarakimu au herufi ya pili kutoka mwanzo wa adresi ambayo rauta inaiona, ikiwa 2, 6, A au E basi karibu kila mara ni ya kutungwa. Dawa ni kufungua setingi za waifai hiyo hiyo kwenye simu uchague itumie MAC halisi, kwenye iPhone unazima adresi ya faragha. Fanya hivo kwa waifai ya nyumbani au ya kazini tu, kwingine iache. Unaweza pia kuisajili hiyo ya bandia lakini simu ikirudishwa hali ya kiwandani itabadilika na kazi inaanza upya.

Na kabla hujawasha listi, mashine unayotumia wewe iingize kwanza! Ukijifungia nje jaribu kwa kebo, rauta nyingi za nyumbani zinafilta waifai peke yake. Ikishindikana ndo unabonyeza riseti, na hapo setingi zote zinaondoka.

Mimi MAC naitumia kuipa printa IP (namba yake ndani ya netiweki) isiyobadilika, kupangia TV ya watoto muda wa kuzima intaneti, na kujua kifaa kipi ni cha nani nikifungua listi ya waliounganishwa, basi. Wageni nawapa waifai yao ya pembeni. Kwa ofisi yenye watu wengi achana na kuandika adresi moja moja, weka 802.1X (utaratibu wa kulogini kwenye netiweki) na seva ya RADIUS inayohakiki akaunti, kila mtu aingie kwa jina na paswedi yake, akiacha kazi unafunga akaunti yake tu. Kuruhusu kwa MAC baki nako kwa printa na kamera za zamani ambazo haziwezi kulogini, na hizo zitenge kwenye VLAN yao (kijinetiweki kilichotengwa ndani ya netiweki kubwa) ili hata mtu akiiba adresi ya printa aishie kwenye printa, asifike kwenye mafaili ya uhasibu.