Kwa nini mikono ya shati inaonekana kama mabomba

Mdogo wangu wa Iringa, umeuliza kwa nini mikono ya mashati ya wahusika unaowachora inafanana na mabomba ingawa umeijaza mistari. Naamini tatizo ni kwamba mistari hiyo haina chanzo, kwa kuwa kila mkunjo huanzia mahali nguo inapovutwa au kubanwa: begani, kwapani, kwenye kiwiko.

Vaa koti lako zito la baridi ya Juni, simama kando ya dirisha, kisha kunja mkono taratibu. Utaona kitambaa cha nje ya kiwiko kikinyooka kwa kuvutwa, ilhali cha ndani kinajikusanya katika mikunjo michache minene, inayosambaa kama miale kutoka pale panapobanwa. Chora hiyo kwanza, na sehemu kubwa ya mkono uiache wazi.

Shati jembamba la pamba hutoa mikunjo mingi, midogo na yenye kona kali. Mgolole (shuka la kujitanda) wa mzee wa Kihehe, unaoning'inia kutoka begani, hushuka kwa mawimbi marefu. Ukingo wa mkono wa shati usiuchore kwa mstari ulionyooka, bali uuzungushe kufuata mviringo wa kifundo cha mkono.