Mahindi ya zambarau Mufindi: usiongeze DAP kabla hujapima udongo

Mkuu, hiyo hela ibaki mfukoni kwanza. Unasema mahindi yamedumaa, majani yana rangi ya zambarau, na unataka kuongeza mfuko wa DAP, ile mbolea ya kupandia yenye virutubisho vya fosforasi na naitrojeni. Halafu umeandika mwenyewe kwamba shamba limepakana na chai. Chai hupenda udongo wenye asidi. Mahindi hayaupendi kabisa.

Mimi kule Njombe nilimpelekea muuza pembejeo jani kama hilo lako. Akalitazama tu, akasema fosforasi imepungua, ongeza DAP. Nikaongeza. Mahindi yakabaki vile vile. Nikarudi, akaniuzia tena! Ada ya watoto iliishia shambani na sikuvuna cha maana. Ninachomlaumu mpaka leo ni kwamba hakuniuliza hata mara moja kama udongo umepimwa. Alikuwa anauza tu.

Fosforasi ilikuwepo, mkuu, ila mmea haukuweza kuichukua. Mmea haunywi mbolea ikiwa punje. Virutubisho huingia vikiwa vimeyeyuka katika maji, kupitia vinyweleo vya mizizi. Naitrojeni husafiri na maji mpaka kwenye mzizi, lakini fosforasi husogea milimita chache tu, kwa hiyo mzizi ndio huifuata. Sasa pH, yaani kipimo cha asidi (kikishuka, asidi imezidi), ikienda chini ya 5.5, aluminiamu iliyomo kwenye udongo huanza kuyeyuka na kuunguza ncha za mizizi. Ng'oa shina moja uangalie: mizizi itakuwa mifupi, minene, haina matawi. Mzizi wa hivyo haufiki kwenye maji wala chakula, ndiyo maana mahindi hunyauka jua likiwaka kidogo tu hata kama juzi mvua ilinyesha. Na hiyo DAP unayomwaga, aluminiamu na chuma huikamata huko huko ardhini.

Baridi nayo huleta zambarau mahindi yakiwa machanga, lakini hiyo huondoka yenyewe joto likipanda. Yako umesema yameshafika magotini.

Pima udongo. Chota sehemu nyingi za shamba, kina cha sentimita 20 hivi, ukwepe palipokuwa na zizi au jivu, changanya, kisha peleka TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo pale Mbeya. Wakikuambia ni asidi, nunua chokaa ya kilimo kwa kiasi watakachokuandikia, uichanganye na udongo miezi miwili mitatu kabla ya kupanda, wakati ardhi ina unyevu. Usiimwage siku moja na mbolea, naitrojeni itapotea hewani. Samadi iliyooza vizuri pia husaidia, maana hupunguza makali ya aluminiamu.

Msimu huu kuzia kwa CAN, mbolea ya naitrojeni yenye kalsiamu. Achana na SA (salfeti ya amonia), inazidisha asidi. Habari ya mbegu uliyouliza watakujibu wengine, mimi nimeng'ang'ania hili kwa sababu najua bei ya mfuko wa DAP ilivyo.

Ukishapata majibu ya Uyole yaweke hapa, pH na kiasi cha chokaa walichokuandikia, tuyasome pamoja kabla hujaenda dukani.