Kunakili Kamusi ya Data kwa Mstari wa Amri: Ushauri kwa Wanaoanza

Anayeanza kazi ya kusimamia hifadhidata hufundishwa mapema namna ya kunakili data, lakini ni nadra kuelezwa kwamba kamusi ya data, yaani maelezo ya majedwali, safu wima, faharasa, vikwazo, taratibu na haki za watumiaji yanayotunzwa ndani ya seva, nayo inahitaji uangalizi wake. Kwa uzoefu wangu, amri inayokatika na kutoa ujumbe wa kosa haisumbui sana, kwa kuwa utaiona na kuirekebisha. Ya kuogopwa ni ile inayomalizika kimya huku imeacha nje sehemu ya kamusi bila wewe kujua.

Chukua MySQL. Wengi hudhani kwamba kunakili kamusi ni kunakili information_schema, kumbe hiyo ni mionekano (views, yaani majedwali ya kutazamia yasiyohifadhi data yenyewe) ya kusoma tu na haiwezi kurejeshwa. Njia iliyo sahihi ni kuiambia mysqldump, programu ya MySQL ya kunakili, itoe amri za kuunda upya kila kitu:

mysqldump --no-data --routines --events --databases mauzo --result-file=muundo.sql

Chaguo la --no-data huacha safu mlalo na kubakiza muundo. Vichochezi (triggers, amri zinazojiendesha jedwali linapobadilishwa) huingia vyenyewe bila kuombwa, lakini taratibu na matukio ya ratiba hayaingii mpaka uyataje. Hapa ndipo hati za amri (scripts) za zamani zinapowaponza warithi wake. Kabla ya toleo la 8.0, taratibu na matukio yalikaa katika majedwali ya kawaida ya hifadhidata ya mysql, hivyo aliyetumia --all-databases pamoja na data aliyapata bila kujua. Toleo la 8.0, lililotolewa rasmi mwaka 2018, liliyahamishia kwenye kamusi mpya ambayo mysqldump haiigusi moja kwa moja, na tangu hapo hati ileile, bila kubadilishwa hata herufi, hutoa nakala pungufu. Ukikabidhiwa hati ya namna hiyo, isome kabla ya kuiamini.

Haki za watumiaji ni suala jingine. Akaunti na ruhusa za MySQL ni safu mlalo katika majedwali ya mysql, kwa hiyo --no-data huziacha hata ukiomba hifadhidata zote. Zitolee faili lake kwa SHOW CREATE USER na SHOW GRANTS. Usipofanya hivyo, mionekano na taratibu zilizoandikwa kwa jina la mmiliki asiyekuwapo kwenye seva mpya zitaundwa, kisha zitagoma siku ya kutumiwa.

Maelezo uliyoandika juu ya safu wima yanastahili tahadhari yake. Katika mysqldump, --skip-comments huondoa tu maelezo ambayo programu yenyewe huyaongeza kwenye faili, na yale ya safu wima hubaki salama. Katika pg_dump, programu ya kunakili ya PostgreSQL, --no-comments huyaacha nje ya nakala yale uliyoyaweka kwa COMMENT ON, ambayo kwangu ndiyo sehemu ya kamusi iliyo ngumu kuliko zote kuiandika upya.

Kwa PostgreSQL, amri zinazohitajika ni mbili, kwa sababu pg_dump hushughulikia hifadhidata moja na haitoi majina ya watumiaji wala maeneo ya hifadhi ya seva nzima:

pg_dump --schema-only -Fc -f mauzo.dump mauzo
pg_dumpall --globals-only -f seva.sql

Faili la pili hubeba nywila zilizofumbwa, basi libane ruhusa zake. Umbo la -Fc, ambalo si faili la maandishi, napendelea kwa kuwa pg_restore --list huonyesha yaliyomo bila kurejesha chochote. Wanaotumia Oracle watapata matokeo ya aina hiyo kwa expdp yenye content=metadata_only.

Nywila isiandikwe kwenye amri yenyewe, kwani inaweza kubaki katika historia ya terminali. Iweke kwenye ~/.my.cnf au ~/.pgpass, faili ambalo wewe pekee unaweza kulisoma. Ukipitisha matokeo moja kwa moja kwenye gzip ili kuyabana, kumbuka kwamba bash, programu inayoendesha amri zako, hurudisha hali ya amri ya mwisho, hivyo mysqldump inaweza kushindwa na hati ikaripoti mafanikio. Anza hati kwa set -o pipefail, ili kushindwa kwa amri yoyote katika mfululizo huo kuripotiwe.

Kisha rejesha nakala kwenye seva tupu. Kwa faili la maandishi la PostgreSQL, tumia psql -v ON_ERROR_STOP=1, maana bila hiyo psql huruka makosa na kuendelea. Hesabu taratibu, vichochezi na matukio pande zote mbili kwa kuuliza information_schema au katalogi za seva husika, na hesabu zikitofautiana, rudi kwenye machaguo ya amri kabla ya kutafuta kosa mahali pengine.