Kiingereza cha Kuandika: Mmeuliza, Tunajibu

Safari hii barua nyingi zimetoka kwa wanaotafuta kazi na wanaoandika ripoti za ofisini, kwa hiyo tuanzie huko.

Barua yangu ya maombi naianza hivi: "Kindly refer to the heading above. I am hereby writing this letter with the aim of applying for the post of an Accountant which was advertised by your esteemed organization." Kuna kosa? (Mhasibu, Dodoma)

Kisarufi inapita, ukiondoa hiyo "an". Tatizo ni mizigo. Kichwa cha barua msomaji ameshakiona, kiko sentimita mbili juu ya hapo. Kwamba unaandika barua anajua, kaishika mkononi. "Hereby" tuwaachie mawakili na hati zao za viapo. "With the aim of applying" ni "to apply" tu, na "esteemed" haijawahi kumpandisha mtu kwenye orodha ya usaili. Inabaki: "I wish to apply for the post of Accountant advertised on 3 March." Maneno 30 yamekuwa 13.

Nafasi uliyookoa itumie kwa jambo ambalo wenzako hawawezi kuliandika. Sentensi ya pili iseme ulichofanya: mishahara ya watu wangapi uliiandaa, kwa programu gani, hesabu za mwezi ulizifunga tarehe ngapi. Sikulaumu, mtindo huo wa "heading above" tumefundishwa shuleni. Ila lundo zima lililoko mezani kwa mwajiri linaanza hivyo hivyo.

"A" na "the" bado naziweka kwa kubahatisha. Nifanyeje? (Mwalimu, Kigoma)

Kiswahili hakina vineno hivyo, lakini kazi yake tunaifanya kila siku. Sikiliza: "Nimeona basi" na "Nimeliona basi." La kwanza ni basi lolote lililopita. La pili ni lile tulilokuwa tukilisubiri. Kwa Kiingereza, "I saw a bus" na "I saw the bus." Basi ukikwama, iseme sentensi yako kwa Kiswahili. Ukijisikia unataka kutia "-li-", "-ki-" au kuongeza "lile", andika "the".

Kwa watu na wanyama kipimo hiki kinagoma, maana "nimemwona mtu" tunasema hata kwa mtu tusiyemjua. Hapo jiulize kama msomaji anajua ni yupi, akijua, "the". Halafu kuna nomino zisizohesabika: "advice" na "information" hazishiki "a" kabisa. Kwa majina ya nchi, ni "Tanzania" bila kitu, lakini "the United Republic of Tanzania".

Bosi amefuta "about" kwenye "We discussed about the budget." Kwa nini? (Karani, Mombasa)

Yuko sahihi. Wengi husema Kiswahili ndicho kinachotuponza hapa, nami sikubali. Sisi tunasema "tulijadili bajeti", hakuna "kuhusu" hapo. Kinachotuponza ni Kiingereza chenyewe, chenye "talk about" na "a discussion about". Nomino "discussion" inabeba kihusishi, kitenzi "discuss" hakibebi. Ni vilevile kwa "request": "a request for leave", lakini "I request leave".

Kwenye "equipments" na "informations" ndipo Kiswahili kinapohusika, kwa sababu vifaa na taarifa kwetu zina wingi. Futa "s".

"Colour" au "color"? (Mwanafunzi, Morogoro)

Zote sahihi. Ya pili ni ya Kimarekani, na kamusi ya Noah Webster ya mwaka 1828 ilisaidia sana kuieneza. Shule na ofisi zetu hufuata ya Uingereza. Kosa ni kuzichanganya ndani ya hati moja. Ila usimsahihishe mtu aliyeandika "organization" kwa "z" ukadhani ni Mmarekani. Kamusi za Oxford nazo huandika hivyo.

Kompyuta haionyeshi mstari mwekundu hata mmoja, lakini ripoti yangu inarudishwa kila mara. (Ofisa miradi, Arusha)

Mstari mwekundu hukamata neno lisilokuwepo kwenye kamusi. Neno halali lililokaa mahali pasipo pake mara nyingi hulipita. "Dear Manger" inapita salama, na hapo umelisalimia hori la ng'ombe. "Public" iliyodondosha "l" nayo inapita, hiyo sitaitafsiri.

Usisome kila kitu kwa mkupuo mmoja. Anza na mambo yenyewe: aya ipi haina kazi? Iondoe kabla hujapoteza muda kunyoosha sentensi zake. Kisha soma kwa sauti. Ukiishiwa pumzi kabla ya nukta, ikate sentensi. Kisha tafuta kila "he" na "she". "Yeye" yetu haina jinsia, kwa hiyo macho hayashtuki mwenyekiti mwanamke anapogeuka "he" aya ya tatu.

Tarakimu na majina ya watu viwe vya mwisho, ukivilinganisha na karatasi ulikovitoa. Kama ripoti inarudi na alama pembeni ya hesabu, shida yako pengine haikuwa Kiingereza.