Barua kwa mwanangu: randa ya kwanza

Mwanangu mpenzi,

Salaam nyingi. Huku Wuppertal hatujambo, na mama yako anakusalimu. Uliniuliza kwenye simu uanze na kifaa gani, maana umezipenda zana kuukuu za mafundi wa Kijerumani unazoziona kwenye gulio la Leipzig, na utajuaje zina umri gani. Jibu lake ni refu kuliko simu, ndiyo maana naandika.

Anza na randa ya mbao. Spana za Hazet na Gedore ziache kwanza, ingawa ni zana za heshima na zimetoka hapa jirani, Remscheid. Randa ina mti, chuma na kabari, na kila kimoja kinazeeka kivyake, kwa hiyo itakufundisha mengi. Tafuta ile nyembamba ya kazi ya mwanzo, Schrupphobel. Kisu chake huwa na upana wa milimita 33 na makali yameviringwa, ili kitoe maranda manene kwenye ubao ambao bado una mawimbi. Mbele ina pembe ya kushikia kwa mkono wa kushoto. Mimi napenda za Ulmia, kiwanda alichoanzisha Georg Ott mjini Ulm mwaka 1877, na za E.C. Emmerich wa Remscheid, walioanza 1852.

Ukiishika, usikimbilie jina. Mwombe muuzaji ruhusa, gonga kisigino cha randa kwa nyundo ya mbao mpaka kabari ilegee, kisha toa kisu ukigeuze. Visu vingi vya zamani vimeungwa: mwili ni chuma laini, na upande wa makali limefuliwa bamba jembamba la feleji ngumu. Ukingoni utauona mstari wa kiungo. Feleji hiyo haifiki juu, na kila kunoa kunaila. Kisu ambacho feleji yake imekaribia kuisha kimekwisha, hata kiwe na jina kubwa namna gani.

Kisha tazama kutu. Ile ya juujuu isikutishe. Siki na brashi vitaitoa. Vishimo ndivyo vibaya, hasa vikiwa kwenye mgongo bapa wa kisu karibu na makali. Makali ni pale mgongo na mteremko unaonolewa vinapokutana, kwa hiyo leo utanoa vizuri na kesho utakifikia kishimo kingine, na ubao utabaki na michirizi. Ufa mdogo kwenye mti unavumilika. Mdomo, yaani uwazi kisu kinapotokea chini, ukiwa umepanuka kwa sababu soli (upande wa chini wa randa) imesawazishwa mara nyingi, unaweza kuzibwa kiraka, na kwa randa ya kazi ya mwanzo si tatizo kabisa.

Sasa umri, ambao utausoma kwenye alama zilizogongwa. D.R.G.M. ni usajili wa uvumbuzi mdogo ulioanza 1891, na D.R.P. ni hataza ya dola ya Ujerumani ya zamani. Zote zinakuelekeza kabla ya 1945. Maneno Made in Germany yalitokana na sheria ya Uingereza ya 1887, iliyotaka mnunuzi ajue bidhaa imetoka nje, lakini yameendelea hadi leo, kwa hiyo peke yake hayatoshi. Western Germany ni baada ya nchi kugawanyika 1949. Huko Leipzig utakutana sana na herufi VEB, yaani kiwanda cha umma cha Ujerumani Mashariki, na jina Smalcalda kutoka Schmalkalden. Watu wa huku magharibi huzipita bila kuzitazama. Wewe zitazame kwa kipimo kilekile cha kisu na mgongo wake.

Jambo moja nakusihi. Mara nyingi utakuta herufi za fundi aliyeimiliki zimegongwa kwenye mti. Usizipige msasa. Safisha uchafu, paka mafuta ya kitani kidogo, basi. Mtu yule alikula kwa randa hiyo, na alama yake ina haki ya kubaki hata kama hatutajua jina lake. Wala usiiweke juu ya hita wakati wa baridi, mti utapasuka.

Ukiipata, nipigie picha tatu kabla hujalipa: alama, mgongo wa kisu, na soli ikiwa imeegemezwa rula dhidi ya mwanga. Jumamosi asubuhi simu yangu itakuwa mkononi.

Baba yako