Geuka Nyuma Kabla ya Kupenga Kamasi

Asubuhi ya kwanza niliyokimbia na kikundi, nilimpengea mama wa watu kamasi mkononi.

Ilikuwa Julai, na baridi ya Nairobi mwezi huo haina huruma. Tulikutana Karura, lango la Limuru Road, saa kumi na mbili na nusu, watu kama ishirini, kila mmoja anatoa mvuke mdomoni kama birika. Kilomita mbili ndani ya msitu pua yangu ikafunguka. Nilikuwa nimezoea kukimbia peke yangu mtaani kwetu, ambako mambo ya pua yalibaki baina yangu na ukuta wa jirani. Basi nikaziba tundu moja kwa kidole gumba, nikageuza shingo kulia, nikapuliza kwa nguvu. Nyuma yangu nikasikia sauti ya upole kabisa: "Kijana, hii ni yako. Njoo uichukue."

Alikuwa mama wa rika la mama yangu mzazi, ameinua mkono wa sweta ili nione vizuri. Nilisema "pole mama" labda mara saba. Hakunigombeza. Alichomoa leso kutoka mkono wa pili wa sweta, akajifuta, akanikabidhi leso yenyewe, kisha akaongeza mwendo akaniacha. Aliniacha kabisa. Mpaka leo sijawahi kumpita kwenye ule mpando wa kutoka mtoni.

Miaka imepita, bado nipo kwenye kikundi, na jambo kubwa nililojifunza ni kwamba wakimbiaji husamehe karibu kila kitu kinachotoka mwilini, mradi usiwashtukize nacho. Hewa ya baridi lazima ipashwe joto na kulainishwa kabla ya kufika mapafuni, na kazi hiyo hufanywa na pua, ndiyo maana inatiririka hata kwa mtu mzima asiye na mafua. Usijidanganye kwamba utaizuia kilomita kumi. Toka kundini, sogea upande wa vichaka, geuka nyuma utazame, waache waliokufuata wapite, ndipo upenge. Upepo ukiwa unakuvumia usoni, usijaribu. Mate nayo yaangushwe chini karibu na kiatu chako, yasirushwe kama jiwe la manati. Mimi sasa hufunga kipande cha taulo kuukuu kwenye kifundo cha mkono, na wiki nzima hakuna anayekigusa nyumbani isipokuwa mimi na sabuni. Tukikimbia barabara za mjini ndiyo sina ujanja: sheria ya kaunti ya 2021 kuhusu kero za umma inakataza kutema mate na kupenga kamasi ovyo njiani.

Tuje kwenye tumbo, maana hapo ndipo watu huumbuka.

Kuna fundi wa umeme katika kikundi chetu tunayemwita Kocha, ingawa hajawahi kumfundisha mtu chochote. Ijumaa moja usiku alikula githeri, yaani mahindi na maharagwe, sahani mbili, na alfajiri akateremsha vikombe viwili vya chai ya maziwa. Kuanzia langoni alikuwa akitusimulia siasa bila kuvuta pumzi. Kilomita ya nane akanyamaza. Hatua zikawa fupi fupi, macho yakakazana mbele, jasho la kipaji likawa la aina nyingine. Akasema neno moja tu, "Tangulieni," akapotelea vichakani. Nyani wawili walishuka mtini kwa haraka upande aliokwenda. Dakika chache baadaye akatufikia, uso umetulia kama wa mtoto aliyeogeshwa, na mguu mmoja hauna soksi.

Hakuna aliyeuliza. Hiyo ndiyo sehemu ya hadithi ninayoipenda. Mama wa leso alimwambia tu, "Karibu tena, tulikuwa tumefika wapi?" naye akaendelea na siasa zake.

Ukikimbia, damu nyingi huelekea kwenye misuli ya miguu, utumbo unabaki na kidogo, tena unatikiswa kama maziwa kwenye kibuyu. Maharagwe, maziwa na kahawa hapo ni kuongeza kuni kwenye moto. Usione aibu mno. Paula Radcliffe, mkimbiaji wa Uingereza, akiwa ndiye mwenye rekodi ya dunia ya marathoni ya wanawake, alisimama kando ya barabara kwenye London Marathon ya 2005 mbele ya kamera, akajisaidia, kisha akashinda mbio zenyewe. Lakini wewe si Radcliffe, na unaweza kuamka mapema. Mimi huamka saa kumi na nusu, nakunywa maji ya moto, nazunguka nyumba nikisubiri mwili ukumbuke wajibu wake. Mkate mkavu au ndizi yatosha. Choo cha karibu na lango nakitumia hata kama sihisi kitu. Tishu nazibeba kwenye kimfuko cha kitambaa, kwa sababu tangu Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja hazitakiwi kwenye misitu na hifadhi zetu, na askari wa msitu hataki kusikia kwamba yako ni ya dharura. Ikibidi kichakani, kaa mbali na mto, chimba, fukia. Soksi iwe njia ya mwisho.

Kwa akina dada mambo ni magumu zaidi, na wanaume tunajisahau. Sisi tunageukia mti wowote, wao wanabana hadi mwisho kwa kuogopa watatuchelewesha. Kikundi kiseme mapema, kabla ya kuanza, kwamba tutasimama. Mmoja akihitaji, mwanamke mwenzake amsindikize, sisi wengine tutazame upande wa pili na tuongee mambo ya mpira kwa sauti. Siku moja dada mmoja alichafuka bila kujua. Mwenzake alivua koti lake, akamfunga kiunoni huku wanakimbia, wala mwendo haukupungua. Wengi wetu hatukujua kilichotokea. Mimi niliona kwa sababu nilikuwa wa mwisho, kama kawaida yangu.

Kuhusu kushuta: rudi nyuma ya kundi. Basi.

Mafuta ya mgando lakini yana kesi. Mapaja yanasuguana, chuchu za wanaume zinatoka damu fulana ikilowa, kwa hiyo asubuhi kopo moja huzunguka mikononi mwa watu. Kidole kilichotoka pajani kinarudi koponi, halafu kopo linakufikia wewe. Beba la kwako. Kama huna, omba mwenye kopo akuwekee kidogo mgongoni mwa kiganja. Chupa ya maji vilevile, mimina mdomoni bila kuigusa kwa midomo.

Jasho jipya halinuki sana. Kinachonuka ni fulana ya Jumamosi iliyopita iliyokaushwa bila kufuliwa. Vitambaa vya michezo hushika harufu, kwa hiyo loweka kwenye maji yenye siki kidogo kabla ya sabuni. Na tafadhali, usijimwagie manukato ya harusini saa kumi na mbili asubuhi. Anayekimbia nyuma yako anavuta hewa kwa mdomo mzima.

Baada ya mbio, badili fulana kabla ya kupanda matatu. Nilipuuza hilo mara moja tu. Kondakta alinitazama, akamtazama abiria wa jirani yangu, akafungua dirisha mpaka mwisho, akasema, "Mzee, wewe utashuka wa kwanza, sivyo?" Kituo changu kilikuwa cha mwisho.