Muulize Fundi: Ruta mpya, simu mkononi, kompyuta hakuna

Swali: Fundi, mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Raskazone, Tanga. Juzi nimevutiwa faiba. Vijana walifunga kiboksi chao cheupe sebuleni wakaondoka, lakini Wi-Fi yake haifiki chumbani kwangu. Mwanangu akaninunulia ruta ya TP-Link huko Dar, akaipakia kwenye basi. Kijana wa mtaani anasema kuiseti lazima aje na laptop, na anataka elfu hamsini. Mimi nina simu tu. Nimejaribu mwenyewe: nimeunganisha Wi-Fi, nikaandika zile namba 192.168.0.1 alizonipa mwanangu. Mara inaniletea makala za watu, mara inazunguka tu haifunguki. Je, huyo kijana anasema kweli?

Jibu: Shikamoo, mwalimu. Kijana amekosea, ingawa simwiti mwongo, kwa sababu wengi wetu tulifundishwa hivyohivyo. Ruta haijali unaingia kwa kompyuta au kwa simu. Ukurasa inaoufungua ni uleule.

Kosa lako nalijua, maana lilinikalisha sakafuni kwa shangazi yangu Mbagala tangu adhuhuri mpaka watu wanatoka msikitini alasiri. Ruta mpya, mimi fundi mwenye banda Kariakoo, na ukurasa haufunguki. Nikairiseti mara nne. Nikabadilisha waya. Nikaanza kumwambia shangazi kwamba ruta ni mbovu, airudishe dukani. Aliponiletea chai ya pili ndipo nikatazama juu ya kioo cha simu, nikaona 4G inawaka. Simu ilikuwa imeiacha ruta kitambo, mimi naongea na mnara.

Iko hivi. Ruta mpya bado haina intaneti. Simu ikiungana na Wi-Fi, jambo la kwanza inalofanya ni kupima kama huko kuna intaneti. Ikikosa, inarudi kwenye bando kimyakimya, na alama ya Wi-Fi unaweza kuendelea kuiona kama kawaida. Sasa zile namba, 192.168.0.1, ni za ndani ya nyumba yako tu. Simu ikizipeleka kwenye mnara, huko hakuna anayezijua, basi ukurasa unazunguka hadi unachoka. Laptop ya yule kijana haina laini ndani yake, haina pa kukimbilia. Ndiyo siri yote ya laptop.

Kwa hiyo kabla ya yote, mwalimu, zima data. Kama una VPN, yaani programu inayopitisha intaneti yako kwenye njia ya siri, zima nayo. Simu ikikuuliza kama unataka kubaki kwenye Wi-Fi isiyo na intaneti, kubali. (Ukipenda kutumia programu ya TP-Link iitwayo Tether badala ya kivinjari, ni nzuri, ila ipakue kabla ya kuzima data. Nimeona watu wakizima kwanza kisha wanashangaa mbona haipakuliki.)

Makala za watu zilikuja kwa sababu nyingine. Kivinjari kilidhani unatafuta kitu. Huenda uliacha nafasi katikati, au uliandika herufi O mahali pa sifuri. Andika yote hivi, bila nafasi na bila www: http://192.168.0.1

Sasa turudi mwanzo kabisa. Geuza ruta kichwa chini, piga picha ile stika, halafu ikuze pichani, maana maandishi yake ni ya sisimizi. Utaona jina la Wi-Fi linaloanza na TP-Link na namba nane za siri. Chukua waya wa mtandao uliokuja kwenye boksi. Ncha moja chomeka kwenye kiboksi cha faiba, tundu lolote lililoandikwa LAN. Ncha ya pili iende kwenye ruta, tundu lililoandikwa WAN, ambalo kwenye ruta nyingi za TP-Link lina rangi ya buluu. Ukichomeka kwenye lile la njano, mambo yatavurugika kwa namna ambayo hata mimi sipendi kuitatua. Washa, subiri dakika mbili, ingia kwenye Wi-Fi yenye jina la kwenye stika.

Namba zikigoma tena na data imezimwa, usianze kuriseti kama mimi. Ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi ya simu, gusa jina la mtandao uliounganika nao, tafuta palipoandikwa Gateway au Router. Namba iliyopo hapo ndiyo ya ruta yako, hata kama si ile aliyokupa mwanao. Kiboksi cha faiba kikiwa kinatumia namba za kundi lilelile, TP-Link huweza kujihamishia namba nyingine ili wasigongane. Kuna pia jina linaloandikwa kwenye stika, tplinkwifi.net, nalo ni sawa, ila simu iliyowekewa Private DNS, yaani mpangilio unaoiambia ikaulizie majina ya tovuti nje badala ya kwenye ruta, huenda isilitambue. Namba ni za uhakika zaidi.

Ukurasa ukifunguka, utaambiwa utunge neno la siri la kuingilia kwenye ruta. Ruta za zamani kidogo huomba uandike admin mara mbili. Hapa ndipo watu huchanganya, kwa sababu maneno ya siri ni mawili. Moja ni la Wi-Fi, ambalo hata mgeni utampa. Hilo ni ufunguo wa mlango wa mbele. La pili ni la kuingilia kwenye mipangilio. Huo ni ufunguo wa sanduku lenye hati ya nyumba. Yasifanane. Yaandike yote mawili kwenye karatasi. Natania watu kwamba daftari la mwalimu halipotei, lakini karatasi iliyobandikwa chini ya ruta kwa selotepu ndiyo ninayoikuta salama miaka mitano baadaye.

Kisha gusa Quick Setup. Ikikuuliza aina ya muunganisho, chagua Dynamic IP. Kiboksi cha faiba kimeshajitambulisha kwa kampuni, ruta yako inapokea tu. Wengine huona neno PPPoE wakalichagua kwa sababu lina jina kubwa. Hilo linadai jina na neno la siri kutoka kwenye kampuni, nawe kwa mpangilio huu hulihitaji. Halafu jina la Wi-Fi: weka lolote, ila si namba ya nyumba wala jina lako kamili, maana linasomeka hadi barabarani. Ulinzi chagua WPA2. Neno la siri lisipungue herufi nane, ndivyo mfumo unavyotaka. Mimi huwaambia watu waunganishe maneno matatu yasiyohusiana, kama kitu cha jikoni, mnyama na mtaa waliowahi kuishi. Jina la mjukuu usiweke. Mtaa mzima unamjua.

Ukishahifadhi, Wi-Fi itakatika hapohapo. Usishtuke, hujaharibu kitu. Jina limebadilika, na simu inatafuta lile la zamani. Rudi kwenye orodha ya Wi-Fi, chagua jina jipya, andika neno jipya. Intaneti ikipita, washa data yako.

Bado kuna jambo hukuliuliza, na ndilo litakalokupa ulichokitaka. Wengi wakinunua ruta ya pili huiweka juu ya meza ileile, kando ya kiboksi cha kwanza, kisha wanalalamika chumbani bado hakuna Wi-Fi. Ruta haina nguvu za uchawi. Ile ya pili unatakiwa uisogeze kule unakokaa. Waya wa mtandao hubeba mpaka mita 100, nyumba yako haifiki huko. Nunua waya mrefu, upitishwe juu ya dari au kandokando ya ukuta, ruta ikae koridoni karibu na mlango wa chumba chako, juu ya kabati, si nyuma ya televisheni na si juu ya friji. Na hapo ndipo yule kijana anapofaa. Kutoboa ukuta na kuvuta waya ni kazi, mlipe kwa hiyo. Kuiseti, utaiseti mwenyewe ukiwa umekaa kitini.

Swali: Fundi, mimi niko Kisauni, Mombasa. Tumebadilisha neno la siri la Wi-Fi mara mbili mwezi huu lakini majirani bado wanaingia. Nimejaribu ku-block simu zao kwenye ruta, baada ya siku mbili zinarudi zikiwa na majina mengine. Ama kuna mtu ana-hack?

Jibu: Pole ndugu yangu, lakini mdukuzi wako nahisi anakula chakula cha jioni pamoja nawe. Tangu Android 10, simu iliyo kwenye Wi-Fi yako inaweza kuonyesha picha ya msimbo wa QR, mwingine akaiskani na kuingia bila kuandika herufi hata moja. Watoto wanaijua sana hii. Kaa nao kwanza, bila ukali, kabla hujagusa ruta.

Kuzuia simu mojamoja usijisumbue. Simu za siku hizi hujipa utambulisho wa kubuni kwa kila mtandao, Android tangu toleo la 10 na iPhone tangu iOS 14. Jirani akifuta mtandao wako na kuubadilishia mpangilio, ruta inamwona kama mgeni mpya.

Fanya hivi kwa simu yako. Ingia kwenye ukurasa wa ruta, kwanza badilisha neno la kuingilia humo, kwa sababu kama bado ni admin, basi kila aliye kwenye Wi-Fi yako anaweza kusoma neno jipya dakika unayoliandika. Zima WPS, ile njia ya kuunganisha simu kwa kubonyeza kitufe cha ruta bila neno la siri. Halafu washa mtandao wa wageni, uupe neno lake, na huo ndio watoto wautumie. Ukishavuja, unabadilisha neno la huo peke yake, televisheni na simu yako hazisumbuki. Ruta nyingi hukuruhusu pia kuuwekea kikomo cha kasi. Mimi nyumbani nimewawekea wageni kikomo kidogo, wakiuliza nasema mtandao wa leo uko chini.

Swali: Asalaam alaykum. Mimi naishi Milton Keynes, Uingereza. Mama yangu yupo Malindi, Mji Mkongwe, Unguja. Ruta imefika, na nataka kumwelekeza kwa WhatsApp video, lakini kila tukifika katikati simu inakatika na akipiga tena kasharudi mwanzo. Tumejaribu siku tatu. Sasa ananambia niache.

Jibu: Waalaykum salaam. Msikilize mama, tatizo haliko kwake. Simu anayoongea nayo ndiyo unayomwambia aiunganishe na ruta isiyo na intaneti. Akiunganisha na kuzima data, mazungumzo yenu yanakufa. Asipoizima, ukurasa haufunguki. Hapo mnazunguka kinu.

Zinahitajika simu mbili. Aazime ya jirani au ya mjukuu. Moja ibaki na bando lake, iegemezwe kwenye birika, kamera ikitazama mkono wa mama. Ya pili ndiyo izimwe data na kufanya kazi. Wewe unaona kioo chake, unamwambia gusa hapa, teremka chini. Kabla hamjaanza, akutumie picha ya stika iliyo chini ya ruta, ili umsomee wewe. Kama kweli simu ya pili haipatikani, mwandikie hatua zote kwa ujumbe akiwa na bando, azinakili kwenye karatasi, kisha mpige simu ya kawaida isiyopita kwenye intaneti. Utalipa dakika, lakini haikatiki akizima data.

Ruta ikishapata intaneti, mwombe akae dakika tano zaidi. Kama ni TP-Link ya aina inayokubali, ifungueni kwenye Tether na kuiunganisha na akaunti ya TP-Link. Ukishafanya hivyo utaweza kuitazama ruta ya mama ukiwa huko huko kwenye baridi, na hata kubadilisha neno la siri, bila kumwamsha usiku wa manane wa Unguja.

Na nyumba za Mji Mkongwe nazijua. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake mahali pengine karibu nusu mita. Kama ruta ina mawimbi mawili, mama atumie lile la GHz 2.4. La GHz 5 ni la kasi, ila ukuta wa namna hiyo hulimeza. Ruta ikae mahali ambapo mlango unatazamana na mlango, au kwenye ngazi, mawimbi yapite kwenye uwazi. Ukiifungia kwenye chumba cha pembeni, Wi-Fi itakuwa ya chumba hicho peke yake.

Swali: Fundi, nikizima ruta usiku kuokoa umeme, asubuhi inabidi niiseti upya? Mama wa Kihonda, Morogoro.

Jibu: Hapana, mama. Inakumbuka kila kitu hata ikikaa bila umeme mwezi mzima. Kinachofuta ni kile kitufe cha riseti kwa nyuma, kikibanwa kama sekunde 10, kwa hiyo ukiipangusa vumbi chunga kidole. Ila umeme inaoula ni mdogo sana, kwenye LUKU hutaiona. Zima pasi.